Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Mcheza Ugenini?

Katika kijiji cha Wesha, magharibi ya mji wa Chake Chake, neno wavu ni la mvuvi kabla halijawa la mchezaji. Wavu huanikwa juani, hushonwa palipochanika, kisha hupakiwa chomboni kungojea maji yajae. Lakini wavu ukifungwa baina ya miti miwili ufukweni, pahala hapo huwa uwanja. Watu sita husimama upande huu na sita upande ule, au wawili kwa wawili ikiwa ni mchangani, na katikati yao upo mpira mmoja usiotakiwa kugusa ardhi. Huo ndio mpira wa wavu, mchezo usiodai viatu wala majani ya uwanjani, na kwa hiyo ni mchezo uliokaa vizuri katika visiwa na miji yetu ya pwani.

Tuseme, ndugu msomaji, kwamba katika kijiji kama hicho amezaliwa kijana mrefu, mwenye kuruka juu na mkono mzito. Tuseme pia kwamba siku moja ujumbe unamfikia kutoka ng'ambo: njoo huku, utapewa nyumba, mshahara na mwalimu, nawe utaichezea timu yetu ya taifa. Je, wazee wake wampe radhi aende, au wamzuie?

Yamkini mazungumzo ya nyumba hiyo yangekuwa hivi. Mama amekaa mkekani, na mwanawe ameinama mbele yake.

"Mwanangu, huko uendako utacheza kwa jina la nani?"

"Kwa jina langu mwenyewe, mama."

"Jina lako nalijua, nimekupa mimi na baba yako. Mimi nakuuliza lile litakaloandikwa kifuani mwa jezi."

Swali la mama huyo ni zito kuliko linavyosikika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia mcheza ugenini hupata nini. Lakini wapo wachezaji waliokwisha kupita njia hiyo, na mambo yaliyowafika yanaweza kutufunza sisi wazazi na walezi. Makala haya yanakusudia kuyaeleza, ili siku ujumbe wa ng'ambo utakapobisha hodi, familia isikae kimya kwa kutojua la kuuliza.

MEDALI YA GHUBA

Tuanze na Ghuba, kwani kwa watu wa Pemba Ghuba si nchi ya mbali. Wapo wengi wenye ami, shangazi au ndugu Maskati, na zipo nyumba huko ambamo Kiswahili husikika kila siku. Kijana wa Wesha akisikia habari ya Doha au Maskati, hasikii habari ya dunia nyingine.

Tarehe 7 Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, vijana wawili waliovaa jezi ya Qatar waliwashinda Walatvia Martins Plavins na Edgars Tocs kwa seti mbili, 21 kwa 12 na 21 kwa 18, wakanyakua medali ya shaba ya mpira wa wavu wa ufukweni. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Qatar katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Majina ya vijana hao ni Cherif Younousse na Ahmed Tijan. Wote wawili walizaliwa mwaka 1995, na wote wawili hawakuzaliwa Qatar. Cherif ni mzaliwa wa Senegali na Ahmed ni mzaliwa wa Gambia.

Mafanikio yao hayakuwa ya kubahatisha. Cherif alikwisha kuiwakilisha Qatar katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akicheza na Jefferson Pereira, mzaliwa wa Brazili. Baadaye, pamoja na Ahmed, alitwaa medali ya dhahabu ya Michezo ya Asia ya mwaka 2018, na wakairudia katika Michezo ya Hangzhou iliyofanyika mwaka 2023. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 walifika tena nusu fainali, wakamaliza katika nafasi ya nne.

Watoto wawili wa pwani ya Afrika Magharibi, basi, walipata Ghuba kile ambacho huenda wasingekipata kwao: uwanja wa mazoezi, walimu, nauli za ndege za kwenda mashindanoni mwaka mzima. Mzazi asiharakishe kuwaita wasaliti. Lakini pia asidhani kwamba kila anayeitwa hufika jukwaani. Njia ina miba, na mmoja wa miba hiyo ni muda.

MIAKA SITA BILA JEZI

Hakuna mchezaji wa mpira wa wavu anayetufunza habari ya muda kuliko Wilfredo León. Alizaliwa tarehe 31 Julai 1993 katika mji wa Santiago de Cuba. Mama yake naye alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu, na kwake ndiko mtoto alikoanza kuujua mpira. Kipaji kilichomoza mapema mno. Akiwa na umri wa miaka 14 tu aliitwa katika timu ya taifa ya wakubwa ya Kuba. Mwaka 2010, akiwa na miaka 17, alikuwa katika kikosi kilichofika fainali ya Mashindano ya Dunia nchini Italia, kikafungwa na Brazili na kurudi na medali ya fedha.

Kuba ilikuwa na kawaida ya kutowaruhusu wachezaji wake wa taifa kwenda kucheza kwa mshahara katika klabu za nje. León alitaka kwenda. Mwaka 2013 aliiacha timu ya taifa, na kwa kitendo hicho akafunga mlango mmoja kabla wa pili haujafunguka. Ilimbidi kwanza akae nje ya mchezo kwa muda, kisha mwaka 2014 akajiunga na klabu ya Zenit Kazan ya Urusi. Huko alitwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 2015 hadi 2018. Watu wengi wakamtaja kuwa mpigaji bora kuliko wote duniani.

Lakini huyo bora kuliko wote hakuwa na taifa la kulichezea. Mwaka 2015 alipata uraia wa Poland, nchi ya mwanamke aliyekuja kumwoa. Hata hivyo uraia haukumpa jezi. Kwa kuwa alikwisha kuichezea Kuba, ilimpasa kungoja taratibu za kubadili shirikisho zikamilike. Mwezi wa Julai 2019 ndipo alipoichezea Poland kwa mara ya kwanza. Hebu tuhesabu. Kutoka mwaka 2013 hadi 2019 ni miaka sita. Alipoivua jezi ya taifa alikuwa hajatimia miaka 21. Alipoivaa nyingine alikuwa anakaribia kutimiza 26. Kwa mchezaji ambaye kazi yake ni kuruka, miaka hiyo ndiyo ile ambayo miguu haijachoka.

Subira yake haikupotea bure. Mwaka 2023 alikuwa katika timu ya Poland iliyotwaa ubingwa wa Ulaya. Mwaka 2024 huko Paris, Poland iliitoa Marekani katika nusu fainali kwa seti 3 kwa 2, ikapoteza fainali kwa Ufaransa, na León akavishwa medali ya fedha ya Olimpiki. Poland haikuwa imepata medali ya Olimpiki katika mpira wa wavu wa wanaume tangu ilipotwaa dhahabu mjini Montreal mwaka 1976.

Hakuwa peke yake. Yoandy Leal, aliyekuwa naye katika kikosi kile cha Kuba cha mwaka 2010, alikuja kuichezea Brazili, nchi ileile iliyowafunga katika fainali. Mshindwa alivaa jezi ya mshindi. Ndivyo ulimwengu wa michezo ulivyogeuka.

YALIYOTOKEA KIGALI

Ikiwa León alingoja, wako ambao hawakungojewa, na hasara yake tuliiona hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwezi wa Septemba 2021 mji wa Kigali uliandaa mashindano ya ubingwa wa Afrika ya mpira wa wavu ya wanawake. Rwanda, wenyeji, walikuwa na timu iliyopata nguvu mpya. Ndani yake walikuwamo wachezaji wanne kutoka Brazili, nchi ambayo kwayo mchezo huu ni karibu sawa na chakula. Rwanda ikaanza vizuri, ikaishinda Moroko, ikaishinda na Nijeria. Watazamaji wakafurahi, na matumaini ya kufika Mashindano ya Dunia yakapanda.

Kisha yakaja malalamiko. Nijeria iliuliza ikiwa wachezaji wale wanne walikuwa wametimiza masharti ya kimataifa ya kuichezea Rwanda. Mashindano yakasimama, na watazamaji waliokuja uwanjani wakabaki bila mchezo. Uamuzi ulipotoka, Rwanda iliondolewa katika mashindano iliyoyaandaa yenyewe. Kamerun wakawa mabingwa na Kenya wakawa wa pili, na nchi hizo mbili ndizo zilizopata nafasi ya kwenda Mashindano ya Dunia ya mwaka 2022. Baadaye jambo hilo lilifika mahakamani, na kiongozi mmoja wa mchezo huo nchini Rwanda akahukumiwa kifungo kwa kosa la kutumia hati isiyo ya kweli.

Katika mkasa huo wapo watu wanaosahauliwa. Tuwafikirie wasichana wa Kinyarwanda waliokuwa katika kikosi kile. Walifanya mazoezi, walishinda, na walikuwa nyumbani kwao mbele ya wazazi wao. Wao hawakukosa kitu, lakini walitolewa uwanjani pamoja na wengine kwa sababu ya karatasi. Na wale wasichana wanne wa Brazili nao walisafiri masafa marefu kuitikia wito, wakajikuta wamekuwa ndio kesi yenyewe.

Hapa familia ipate somo la kwanza. Anayemwita kijana aulizwe: hati ziko wapi? Hati ya uraia ni moja. Idhini ya shirikisho la nchi anayotoka ni nyingine. Na kibali cha Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu ni nyingine tena. Ikikosekana mojawapo, zilizobaki hazisaidii kitu. Aidha, mlango huo haufunguliwi kila msimu. Kanuni za mchezo zimekusudia mchezaji abadili shirikisho mara moja tu, wala si kuhama kila anapopata bei nzuri.

NDUGU WAWILI, BENDERA MBILI

Karatasi zikisha kukamilika, hubaki jambo ambalo halina mhuri. Kulieleza hilo ni lazima tutoke kidogo kwenye wavu tuingie kwenye mbio, maana mfano ulio wazi zaidi unatoka katika familia ya Kikenya.

Stephen Cherono alizaliwa mwaka 1982 katika sehemu za Keiyo, Bonde la Ufa, katika nyumba ya wakimbiaji. Kaka yake, Christopher Kosgei, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 1999. Stephen mwenyewe aliipa Kenya medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester mwaka 2002. Mwaka uliofuata alichukua uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saaeed Shaheen.

Wiki chache baadaye, mwezi wa Agosti 2003, alisimama mjini Paris katika fainali ya Mashindano ya Dunia. Katika fainali hiyohiyo alikimbia kaka yake mwingine, Abraham Cherono, akiwa na jezi ya Kenya. Shaheen alishinda kwa dakika 8 na sekunde 4.39, akimpita Mkenya Ezekiel Kemboi kwa chini ya sekunde moja. Abraham alimaliza wa tano. Habari za siku zile zilieleza kwamba kaka hakumpongeza mdogo wake.

Mwaka 2004 Kenya haikuridhia Shaheen akimbie katika Olimpiki ya Athens kabla ya muda uliowekwa kupita. Akabaki nje, na Wakenya watatu wakazoa medali zote tatu za mbio hizo. Siku chache baada ya michezo kufungwa, tarehe 3 Septemba 2004, alikimbia mjini Brussels kwa dakika 7 na sekunde 53.63. Ilikuwa rekodi ya dunia, nayo ilidumu hadi mwaka 2023 ilipovunjwa na Mwethiopia Lamecha Girma. Mwaka 2005 akatwaa tena ubingwa wa dunia. Lakini katika maisha yake yote ya mbio hakupata kukimbia katika Olimpiki hata mara moja.

Kwa hesabu ya fedha na rekodi, Shaheen hakupoteza. Kwa hesabu ya nyumba, kila msomaji mwenye ndugu aliyezaliwa naye tumbo moja aipime mwenyewe ile siku ya Paris. Basi mzazi akimruhusu mwanawe aende, na awaandae pia wale wanaobaki, ili siku watakapokutana uwanjani wakiwa na bendera mbili, undugu usije ukavuliwa pamoja na jezi.

URAIA SI JEZI

Jezi hufuliwa ikaanikwa, na ikichakaa hupatikana nyingine. Uraia si hivyo. Mtanzania mtu mzima anayekusudia kuichezea nchi nyingine lazima afahamu kwamba Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kwa jumla haimruhusu kuwa raia wa nchi mbili. Akichukua uraia wa kwingine, wa Tanzania humtoka. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, iliruhusu uraia wa nchi mbili. Sisi hatujafanya hivyo.

Maana yake ni kwamba kijana wetu wa Wesha, siku goti litakapomuuma na mwalimu wa ng'ambo kumwambia ahsante, atashuka gatini kwao akiwa mgeni. Kura hatapiga. Shamba la mikarafuu la babu yake litahitaji maelezo marefu. Uchezaji wa mpira wa wavu ni kazi ya miaka kumi, kumi na mitano kwa aliyejaliwa. Uraia ni wa umri mzima. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye kuuacha mbacha wake, basi, na aiuze nafasi yake kwa bei inayolingana: mkataba ulioandikwa, matibabu yaliyoahidiwa kwa maandishi, elimu ya kumfaa baada ya mchezo, na hakika kwamba uraia anaopewa ni wa kudumu wala haukomi pamoja na mkataba.

Wala tusidhani kwamba mlango huu ni wa kutokea tu. Mwezi wa Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilitangaza kwamba wachezaji watatu wa kigeni wa klabu ya mpira wa miguu ya Singida Black Stars wamepewa uraia wa Tanzania. Watu walijadiliana sana, wengine wakisifu na wengine wakilaumu. Nao vijana hao ni watoto wa mama zao, na huko walikotoka huenda liliulizwa swali lilelile: utacheza kwa jina la nani? Tunapowapokea wa wenzetu, tuwatendee kama tunavyotaka wetu watendewe.

WAJIBU WA NYUMBANI

Ni rahisi kumlaumu kijana aliyehama. Ni vigumu zaidi kujiuliza alipokuwa hapa alipewa nini. Mchezo huu uliobuniwa mwaka 1895 huko Massachusetts, Marekani, na mwalimu William G. Morgan, kwa ajili ya watu wa kazi waliotaka kunyoosha viungo bila ya kuumizana, ni miongoni mwa michezo yenye gharama ndogo. Kiwanja chake cha ndani ni mita 18 kwa 9, na cha ufukweni ni mita 16 kwa 8. Wavu wa wanaume huwa na kimo cha mita 2.43, wa wanawake mita 2.24. Pemba haikosi mchanga, wala haikosi mafundi wa kushona nyavu. Kinachokosekana aghalabu ni mtu mzima mmoja katika kila mtaa atakayetenga saa moja baada ya kazi kuwapanga watoto, kuwahesabia na kuwafunza.

Na tusiwasahau mabinti. Kenya ilifika fainali ya Kigali kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa na klabu za wanawake zilizoshikiliwa na mashirika ya kazi, mathalani benki, magereza na mabomba ya mafuta. Mchezaji alikuwa na ajira na timu mahali pamoja. Hizo ndizo nguzo zinazomfanya mtu acheze kwao na atunzwe.

Turudi sasa mkekani kwa yule mama. Hatumwambii amzuie mwanawe, kwani bahari ya Wesha haikuumbwa ili watu wasisafiri. Wala hatumwambii amwachie kwa kuwa fedha zimetajwa. Tunamwambia aulize hati ziko wapi, aulize muda utakuwa gani, aulize uraia utakuwa wa nani siku mchezo utakapokwisha, na amkumbushe kwamba nduguye atabaki nduguye hata akiwa upande wa pili wa wavu. Akijibiwa yote hayo kwa maandishi na kwa moyo safi, ampe radhi yake.

Na ikiwa mwana ataamua kubaki, basi na sisi tuhakikishe kwamba kesho jioni, maji yakitoka, miti miwili imesimama na wavu umefungwa.